Bakteria, maziwa na kufuli: historia ya swichi za jeni

Leo naweka kando hifadhidata na lugha za programu, niwasimulie historia ya programu ambayo hakuna binadamu aliyeiandika. Imo ndani ya bakteria anayeitwa E. coli, mpangaji wa kudumu katika utumbo wako. Kwa lugha yetu ya ofisini ingesomeka hivi:

kama (glukosi imeisha) na (laktosi ipo):
    tengeneza vimeng'enya vya kula laktosi
sivyo:
    tulia

Masharti mawili, tendo moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiandika kabla chai haijapoa. Lakini kuisoma ndani ya kiumbe hai kulichukua miaka thelathini hivi, kuanzia 1940 hadi 1970. Na walioeleza nusu yake ya kwanza waliieleza kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba aliyekuja na habari za nusu ya pili alipata taabu kusikilizwa. Hicho ndicho kisa ninachokitaka leo.

Kwanza mambo mawili kwa wale waliokimbia biolojia baada ya kidato cha pili. DNA ni kama diski: maandishi yote yamo humo. Jeni moja ikihitajika, seli hunakili kipande hicho kwenye RNA, kisha nakala hiyo hutumika kuunda protini. Mashine inayonakili inaitwa RNA polimerasi. Kila seli ina diski nzima lakini haiendeshi kila kitu kilichomo. Swali ni nani anayeamua kipi kinakiliwe, na lini.

Tuanzie Paris wakati wa vita. Jacques Monod alikuwa kijana mpiga selo, mpanda milima, na mwanafunzi aliyechelewa kumaliza shahada ya uzamifu pale Sorbonne. Aliwapa bakteria sukari mbili kwa pamoja, glukosi na laktosi (sukari ya maziwa), akapima jinsi wanavyoongezeka. Alitarajia mstari mmoja unaopanda. Akapata ngazi mbili: bakteria wanaongezeka haraka, wanasimama kwa muda, kisha wanaanza tena. Walikula glukosi yote kwanza, wakapumzika, ndipo wakaanza laktosi. Aliwasilisha tasnifu yake mwaka 1941. Jambo lile la ngazi mbili alilipa jina, diauxie, lakini maelezo yake hakuwa nayo.

Vita vikamvuta. Alijiunga na wapiganaji wa siri waliopinga utawala wa Wajerumani, akapanda cheo. Inasimuliwa kwamba nyaraka zake za siri alizificha ndani ya mifupa ya miguu ya twiga aliyekuwa akionyeshwa nje ya maabara yake. (Sijui kama twiga yule alitoka pande zetu, lakini napenda kufikiri hivyo.) Mwaka 1945 akahamia Taasisi ya Pasteur, kwenye idara ya André Lwoff iliyokuwa juu kabisa, chini ya paa.

Wakati huo maelezo yaliyopendwa yalikuwa kwamba sukari ndiyo inayokifundisha kimeng'enya umbo lake. Protini ni laini, laktosi inaingia, protini inajifinyanga kuizunguka kama udongo unavyofuata kidole. Jambo hilo lenyewe liliitwa "kuzoea". Neno hili lilikuwa na sumu ya kisiasa. Katika Urusi ya Stalin, Trofim Lysenko alikuwa akihubiri kwamba mazingira yanaifundisha mimea urithi mpya, na waliobisha walipoteza kazi, wengine maisha. Monod, ambaye aliwahi kuwa Mkomunisti, aliandika makala kali dhidi ya Lysenko kwenye gazeti la Combat mwaka 1948. Kwa hiyo alipouliza kama laktosi inafundisha au inaamsha tu kitu ambacho tayari kimeandikwa, halikuwa swali la bakteria peke yake.

Jibu lilianza kuonekana kupitia sukari bandia. Monod na Melvin Cohn walizipata kemikali zinazofanana na laktosi ambazo bakteria hawezi kuzila kabisa, lakini zinaamsha utengenezaji wa kimeng'enya kwa nguvu. Pia zilikuwepo nyingine ambazo kimeng'enya kinazikata vizuri lakini haziamshi chochote. Kama sukari ni mwalimu wa umbo, hili haliwezekani. Ni kama kitufe cha kengele: anayekibonyeza si lazima awe mgeni wa chakula. Mwaka 1953 wataalamu wakaachana rasmi na neno "kuzoea".

Kulikuwa pia na bakteria walioharibika jeni kwa namna ya kuvutia. Wengine hawakuweza kutengeneza kimeng'enya kile hata kidogo. Jeni yao iliyoharibika iliitwa z. Wengine walikitengeneza usiku na mchana, laktosi iwepo isiwepo; yao iliitwa i. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hilo: kuna bagi kwenye kazi yenyewe, na kuna bagi kwenye sharti linaloiita kazi hiyo.

Upande wa pili wa ukumbi uleule alikuwa François Jacob. Yeye alitaka kuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1940 alikimbilia London, akajiunga na jeshi la de Gaulle, akapigana Afrika kuanzia Chad na Libya hadi Tunisia. Agosti 1944 aliumizwa vibaya na bomu kule Normandy, na ndoto ya upasuaji ikaishia hapo. Alipofika kwa Lwoff mwaka 1950 alipewa kazi ya virusi vinavyolala: kirusi kinaingia ndani ya bakteria, kinajichomeka kwenye DNA yake, kinakaa kimya vizazi na vizazi, halafu ukimulika miale ya urujuanimno kinaamka na kumpasua mwenyeji wake.

Jacob na Élie Wollman walibuni pia jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko mengi yaliyoletwa na mashine za bei ghali. Bakteria dume hupenyeza DNA yake ndani ya jike kama uzi, jeni baada ya jeni. Ukitaka kujua mpangilio wa jeni, waache waanze, kisha kila baada ya dakika chache chukua sampuli uitie kwenye blenda ya jikoni uwatenganishe. Jeni iliyoingia dakika ya kumi iko mbele ya ile iliyoingia dakika ya ishirini. Uzi mzima unachukua kama dakika mia moja. Ramani ya jeni kwa blenda na saa!

Mwaka 1957 akafika Arthur Pardee kutoka Berkeley, na watatu hao wakafanya jaribio lililoitwa kwa herufi za majina yao: PaJaMo. Tulipitie polepole, maana hapa ndipo kila kitu kinageuka.

Dume ana z nzuri na i nzuri. Hana laktosi, kwa hiyo hatengenezi kitu. Jike ana z mbovu na i mbovu. Naye hatengenezi kitu, kwa sababu hana jeni inayofanya kazi. Wakutanishe bila tone la laktosi. Mzazi mmoja amefungiwa, mwingine hana uwezo. Utatarajia nini? Kimya.

Lakini haikuwa kimya. Mara tu z nzuri ilipoingia ndani ya jike, katika dakika chache tu kimeng'enya kilianza kutengenezwa kwa kasi kamili. Kikaendelea kwa muda wa karibu saa mbili, kisha kikakoma, na baada ya hapo hakikutoka tena hadi laktosi bandia itiwe.

Maana yake ni hii. Ndani ya jike hakukuwa na kitu chochote cha kuzuia, maana i yake ni mbovu. Jeni ya z ilipoingia ilikuta uwanja mtupu ikafanya kazi. Baadaye i nzuri, iliyoingia pamoja nayo, ilitengeneza kitu chake taratibu, kitu hicho kikajaa kwenye seli, kikafunga. Kwa hiyo i haitengenezi kiamshi. Inatengeneza kizuizi. Laktosi haiwashi chochote, inaondoa kufuli. Mwanafizikia Leo Szilard alikuwa ameshamsukuma Monod kuelekea wazo hilo la hasi mara hasi, na sasa ushahidi ulikuwa mezani.

Mwishoni mwa Julai 1958 Jacob alichoka kuandaa mhadhara wake wa New York, akaenda sinema na mkewe Lise. Akiwa gizani, bila kufuatilia filamu, akaona kwamba kirusi kinacholala na laktosi ya Monod ni jambo moja. Vyote viwili vimefungwa na kizuizi, na kizuizi hicho lazima kinakaa juu ya DNA yenyewe, kikiwasha na kuzima kundi zima la jeni kwa mpigo. Monod alikuwa likizoni. Aliposimuliwa Septemba, hakukubali mara moja. Ilibidi wabishane ubaoni siku nyingi. Huo ubishi ulizaa utabiri: kama kuna mahali kwenye DNA ambapo kizuizi kinashika, basi mahali hapo panaweza kuharibika, na kikiharibika kishikio, kufuli hata liwe zima vipi halitafunga. Na uharibifu huo utaathiri jeni za uzi uleule tu, si za nakala nyingine iliyo ndani ya seli. Wakatafuta mutanti wa namna hiyo, wakawapata. Mahali hapo wakapaita opereta, na kundi lote la jeni linaloongozwa nalo, operoni.

Makala yao kubwa ilitoka mwaka 1961 na hadi leo inasomeka vizuri, jambo ambalo si la kawaida. Ndani yake kulikuwa na operoni, kulikuwa na wazo la RNA ya kubeba ujumbe, na kulikuwa na mgawanyo kati ya jeni zinazojenga na jeni zinazoongoza. Mwaka 1965 Jacob, Monod na Lwoff wakapewa Tuzo ya Nobel.

Ila ukiisoma kwa jicho la mkaguzi wa programu, mna mashimo. Kwanza, walidhani kizuizi huenda ni RNA. Pili, mashine ya kunakili inaanzia wapi? Opereta ni mahali pa kufungia tu. Mwaka 1964 Jacob, Agnès Ullmann na Monod waliongeza kipande kingine, promota, yaani mahali ambapo kunakili kunaanza. (Kwetu promota ni mtu wa kuandaa tamasha, na kwa kweli kazi ni ileile: bila yeye hakuna shoo, ingawa haimbi.) Lakini walikiweka upande usio sahihi, baada ya opereta. Mwaka 1968 kundi la Jonathan Beckwith pale Harvard lilipanga upya: promota iko mbele, opereta inafuata. Sasa picha ikawa na mantiki. Mashine inatua kwenye promota, na kufuli limekaa papo hapo njiani.

Shimo la kizuizi lilizibwa Harvard pia. Walter Gilbert, aliyesomea fizikia, na Benno Müller-Hill walikwenda kukitafuta kwa mikono. Tatizo ni kwamba seli moja ina vizuizi kama kumi tu, kati ya mamilioni ya protini nyingine. Walitumia laktosi bandia yenye mionzi wakaangalia ni kitu gani kinainasa. Mwishoni mwa 1966 wakatangaza kwamba wamekipata, na kwamba ni protini, si RNA. Wiki chache baadaye, katika chuo hichohicho, Mark Ptashne akatangaza kwamba amekamata kizuizi cha kirusi kinacholala. Wote wawili waliangukia kwenye protini, kama alivyoona Jacob pale sinema kwamba ni hadithi moja.

Sasa twende kwa Ellis Englesberg, ambaye jina lake huwezi kulikuta kwenye vitabu vingi vya shule. Alikuwa California, Santa Barbara, akichunguza sukari nyingine, arabinosi, ndani ya bakteria yuleyule. Nayo ilikuwa na jeni ya kuongoza, aliyoiita C. Kila mtu alijua sasa jeni ya kuongoza inafanya nini: inatengeneza kufuli. Basi jaribio ni rahisi. Ifute kabisa. Kufuli likiondoka, mlango utabaki wazi, na vimeng'enya vitatoka usiku na mchana.

Englesberg akaifuta. Mlango ukabaki umefungwa, na hakuna arabinosi iliyoweza kuufungua. Mwaka 1965, mwaka uleule wa Nobel ya Paris, yeye na wenzake walichapisha jibu la wazi: C haifungi, inasukuma. Bila msukumo huo hakuna kunakili.

Wataalamu wengi hawakuamini. Maelezo ya Paris yalikuwa mazuri mno, na Monod mwenyewe alikuwa amesisitiza kwamba uongozi wa jeni ni wa kuzuia. Wapinzani walikuwa na njia ya kutoka ambayo kila mwanafunzi wa mantiki anaijua: labda C inazuia kizuizi kingine ambacho hujakiona, Englesberg, na hasi mara hasi ni chanya. Hoja ileile iliyookoa PaJaMo ikatumika kumkataa mtu mwenye data safi. Na ubaya wa hoja hiyo ni kwamba huwezi kuimaliza kwa jaribio moja. Unaweza kubuni kizuizi kisichoonekana kila siku. Yeye akaendelea kutengeneza mutanti, mmoja baada ya mwingine, na hakuna kizuizi cha pili kilichojitokeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 majaribio ya kwenye chupa, bila seli hai, yalionyesha protini ya C ikiwasha jeni hizo waziwazi. Iligundulika pia kwamba bila arabinosi protini hiyohiyo hugeuka kuwa kizuizi. Kufuli na msukumo, kitu kimoja.

Na laktosi je, mtoto kipenzi wa Paris? Kumbuka ngazi mbili za 1941. Kizuizi kinaeleza kwa nini bakteria anasubiri laktosi. Hakielezi kwa nini anaidharau laktosi iliyopo wakati glukosi haijaisha. Mwaka 1970 makundi mawili ya Marekani yalionyesha protini nyingine, inayoitwa CAP. Glukosi ikipungua, kemikali ndogo iitwayo AMP ya mzunguko inapanda, inajishika na CAP, na CAP inatua kwenye DNA kando ya promota na kuivuta mashine ya kunakili ije. Msukumo ulikuwemo ndani ya operoni ya laktosi muda wote. (Glukosi ina njia nyingine tena: inafunga mlango ambao laktosi hupitia kuingia kwenye seli, na hii leo inahesabiwa kuwa sababu kubwa zaidi ya zile ngazi mbili.)

Kwa nini msukumo unahitajika? Jibu limeandikwa kwenye promota yenyewe. Mwaka 1969 iligunduliwa sehemu ya RNA polimerasi iitwayo sigma, ambayo ndiyo inayotambua mahali pa kuanzia. Bila sigma mashine inaanza ovyo. Mwaka 1975 David Pribnow akalinganisha promota kadhaa akaona herufi zinazojirudia, herufi kama kumi kabla ya mahali pa kuanzia: TATAAT. Nyuma zaidi, kwenye herufi ya 35, kuna alama nyingine: TTGACA. Promota ikifanana na alama hizo, mashine inashika vizuri. Sasa tazama promota ya laktosi: TTTACA na TATGTT. Herufi moja imekosewa huku, mbili kule. Ni promota dhaifu, na udhaifu wake una kazi. Kwa sababu mashine haiwezi kuishika vizuri peke yake, inamhitaji CAP, na ndiyo maana sharti la glukosi linafanya kazi. Kuna mutanti anayeitwa UV5 ambaye TATGTT yake imegeuka kuwa TATAAT kamili. Bakteria huyo hamhitaji CAP tena, na hajali kama glukosi ipo. Umeondoa sharti zima kwa kubadilisha herufi mbili.

Jambo jingine la kuchekesha lilithibitishwa mwaka 1972. Kinachoondoa kufuli si laktosi yenyewe bali jamaa yake, alolaktosi, ambayo hutengenezwa na kimeng'enya kilekile kilichofungiwa. Unahitaji kimeng'enya ili upate ufunguo wa kutengeneza kimeng'enya. Kinachookoa hali ni kwamba kufuli huvuja kidogo, molekuli chache huponyoka kila wakati, na hizo zinatosha kuanzisha. Bila uvujaji huo programu ingekwama milele ikijisubiri.

Baada ya hapo hadithi ilihamia kwa viumbe vikubwa, na mambo yakawa na umbali. David Hogness, aliyewahi kufanya kazi na Monod miaka ya 1950, ndiye ambaye maabara yake pale Stanford iliona alama ya TATA kwenye jeni za wanyama mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1981 vikaonekana vipande vya DNA vinavyokuza unukuzi vikiwa mbali na promota, hata kwa maelfu ya herufi.

Hapo ndipo maziwa yanarudi, safari hii kwetu. Mtoto wa binadamu ana kimeng'enya cha laktosi, laktasi, na kwa watu wengi duniani jeni yake huzimwa polepole baada ya kuachishwa ziwa. Mwaka 2002 watafiti wa Ufini waligundua kwamba Wazungu wanaokunywa maziwa ukubwani bila kuumwa tumbo wana herufi moja iliyobadilika, herufi 13,910 kabla ya mwanzo wa jeni ya laktasi, katikati ya jeni ya jirani iitwayo MCM6. Jeni ya laktasi yenyewe haikuguswa. Lakini wafugaji wa Afrika Mashariki, waliolelewa kwa maziwa mala na mursik, wengi wao hawakuwa na herufi hiyo, na maziwa yalikuwa yakiwakubali. Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwemo watafiti wa hapa kwetu, walipima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakachapisha mwaka 2007. Walikuta mabadiliko mengine matatu, jirani kabisa na lile la Wazungu. Lililoenea Kenya na Tanzania liko kwenye herufi ya 14,010: G imekuwa C. Walipolijaribu ndani ya seli za maabara, promota ya laktasi ilinakiliwa kwa nguvu zaidi. Mabadiliko hayo yalisambaa ndani ya miaka kama 7,000 iliyopita, pamoja na ng'ombe, na hayakutoka Ulaya wala hayakwenda huko.